Kati ya bandama na saratani: uvimbe wa ini la mtoto wahitaji jina

Kila baada ya miezi michache tangazo la aina moja hupita kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kuanzia Kibokoni na Kuze hadi Majengo na Likoni. Ni picha ya mtoto wa miezi saba au mwaka mmoja, tumbo limejaa, amelazwa juu ya leso, na chini yake maandishi kwamba ana uvimbe kwenye ini na zahitajika pesa nyingi apelekwe India. Nambari ya M-Pesa hufuata. Watu hutoa. Pale Marikiti, kuanzia wauza nyanya wa nje hadi wenye maduka ya viungo, wapo wanaochanga pesa ambazo wenyewe wangezihitaji jioni hiyo hiyo, na Ijumaa mchango hupitishwa msikitini.

Sina neno na kutoa. Neno langu ni juu ya kitu kimoja ambacho matangazo hayo hayakisemi: uvimbe wenyewe ni wa aina gani, na nani aliyeutambua. Kusema "uvimbe kwenye ini" ni kama kumwambia fundi kwamba gari limeharibika. Atakuuliza ni betri, ni injini au ni gurudumu. Ini la mtoto mdogo laweza kuwa na uvimbe utakaonywea wenyewe bila kisu, au uvimbe wa kukatwa mara moja ukaisha, au saratani isiyongoja mtu. Kutofautisha hayo matatu ndiyo hatua iliyo dhaifu kwetu huku pwani. Hapo ndipo familia zinapopoteza pesa, na wakati mwengine ndipo zinapompoteza mtoto.

Tuanze na neno tulilozoea. Mama akienda Marikiti na mtoto mwenye tumbo gumu, akapita kwa muuza dawa za miti shamba, jibu atakalopewa lajulikana kabla hajafungua mdomo. "Mwanangu, mwana huyu ana bandama. Chukua hii, mpake asubuhi na jioni, uje Ijumaa." Wazee wetu hawakulitoa neno hilo hewani. Malaria ya kurudia rudia huvimbisha bandama, na selimundu pia huivimbisha, na maradhi yote mawili twayajua vizuri pwani hii. Lakini bandama iko kushoto, chini ya mbavu. Ini liko kulia. Kitu kigumu kilicho upande wa kulia wa tumbo la mtoto, au kilichovuka katikati, chahitaji kuangaliwa na daktari hata kama mtoto anacheza na ananyonya. Chaweza kuwa ini, chaweza kuwa figo, na jipu la ini pia lipo. Kombe na dua zina mahali pake majumbani mwetu na hakuna daktari wa maana anayezikataza. Linaloumiza ni zile wiki sita za kupaka.

Neno la pili ni saratani, nalo hupatikana upande wa pili wa barabara, hospitalini. Mtoto amepigwa picha ya altrasaundi, ripoti imeandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari kwamba kuna uvimbe kwenye ini na saratani haiwezi kuondolewa. Mwenye kuandika hakukosea. Amesema asichoweza kukikana. Ripoti ikifika nyumbani, mjomba aliyesoma kidogo huitafsiri kwa neno moja, na kufikia Isha mtaa mzima umeshajua kuwa mtoto ana kansa.

Sasa ukweli wa kitabibu. Katika uvimbe unaoanzia kwenye ini la mtoto, kiasi cha theluthi moja si saratani. Theluthi mbili ni saratani, kwa hivyo hakuna nafasi ya kupuuza, lakini theluthi moja si watoto wachache. Uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi kwa watoto wachanga ni hemanjioma, yaani fundo la mishipa ya damu. Ni ndugu wa zile alama nyekundu zinazojitokeza kwenye ngozi ya mtoto wiki chache baada ya kuzaliwa. Kwa ngozi zetu nyeusi alama hizo mara nyingi huonekana za zambarau au hudhurungi iliyoiva, na kwa sababu hiyo hupita bila kutiliwa maanani. Madaktari wa watoto wana kanuni nyepesi: mtoto mchanga mwenye alama tano au zaidi za namna hiyo apigwe altrasaundi ya ini. Kuhesabu alama hakuhitaji mashine. Kwahitaji mtu amvue mtoto nguo kwenye mwangaza.

Hemanjioma zenyewe si za sura moja. Ipo ya fundo moja ambayo mtoto huzaliwa nayo ikiwa imeshakomaa, na mara nyingi hunywea yenyewe mtoto anapokaribia au kuupita kidogo mwaka wake wa kwanza. Zipo za mafundo mengi madogo, ambazo hukua katika miezi ya mwanzo kisha hupungua taratibu kwa miaka. Na ipo iliyotapakaa ini zima, hiyo ndiyo ya kuogopwa ingawa si saratani: damu nyingi hupita kwenye ini hadi moyo huchoka, tumbo hubana mapafu, na uvimbe wenyewe huila homoni ya tezi ya shingo, mtoto akabaki mzito, baridi, hakui. Mtoto wa aina hii lazima apimwe tezi. Kipimo hicho cha damu ni cha kawaida mjini hapa, lakini kitafanywa tu iwapo aliyeandika fomu amekumbuka kwamba ini na tezi vina uhusiano.

Nyengine ni hamatoma ya ini, ambayo kwa kawaida hujitokeza kabla ya miaka miwili. Kwenye picha huonekana kama vifuko vya maji vilivyoshikana, na dawa yake ni upasuaji. Kwa watoto wakubwa kidogo, hasa wasichana, kuna uvimbe wa seli za ini zilizojipanga vibaya kuzunguka kovu la katikati; mara nyingi huachwa ukaangaliwa tu.

Nitakaa zaidi kwenye kipimo kimoja cha damu, maana nadhani ndicho kinachotisha watu wengi bila sababu na kinachoweza pia kuwaokoa. Kinaitwa AFP. Ni protini inayotengenezwa na ini la mtoto akiwa tumboni, na saratani kubwa ya ini la watoto, hepatoblastoma, huitengeneza pia kwa wingi. Zaidi ya watoto tisa katika kumi wenye hepatoblastoma huwa AFP yao imepanda. Mpaka hapo sawa. Shida ni kwamba mtoto mzima kabisa, siku anayozaliwa, ana AFP ya makumi ya maelfu. Akifika mwezi mmoja bado ni maelfu. Miezi miwili, mamia. Huendelea kushuka hadi kukaribia kiwango cha mtu mzima, chini ya 10, kwenye mwezi wa nane hivi au baada yake. Aliyezaliwa kabla ya wakati huanza juu zaidi na huchelewa kushuka.

Sasa fikiria karatasi ya maabara. Upande wa kushoto jina la mtoto wa wiki sita, katikati nambari, tuseme 900, na upande wa kulia kiwango cha kawaida kilichochapishwa na mashine: chini ya 10. Mashine inaweka nyota na herufi ya kuonyesha kwamba kipimo kiko juu. Mama amefundishwa na maisha kuogopa nyota hizo. Hata daktari kijana aliyechoka saa nane za usiku anaweza kuishika karatasi ile na mkono ukatetemeka. Lakini kwa wiki sita, nambari hiyo yaweza kuwa ya mtoto asiye na saratani yoyote. Nambari hiyo hiyo kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye uvimbe ini kulia ni habari nyengine kabisa, na hapo hakuna kulala. Mashine haijui tofauti hii. Tofauti iko kwenye jedwali la umri, jedwali la nusu ukurasa, ambalo kila maabara ya mji huu inaweza kulibandika ukutani kesho asubuhi bila kungoja zabuni.

Kipimo kimoja nacho hakitoshi. Kinachosaidia zaidi ni kukirudia baada ya wiki mbili au tatu na kuona kinaelekea wapi, pamoja na kuirudia picha. Uvimbe unaonywea huku AFP ikishuka kwa mwendo wa umri wake hujieleza wenyewe. Kukata kipande cha nyama kupeleka maabara kuna mahali pake, na mara nyingi hakuepukiki pale saratani inaposhukiwa, lakini fundo la mishipa ya damu likichomwa sindano bila mpango laweza kutoa damu nyingi. Kwa hivyo picha kwanza, damu kwanza, sindano baadaye, na mahali palipo na daktari wa upasuaji karibu.

Kuna kisa cha dawa kinachofaa kusimuliwa hapa. Propranololi ni kidonge cha zamani cha moyo na presha; aliyekivumbua, James Black wa Uskoti, alikitengeneza miaka ya 1960 na kazi zake zikampatia tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Kwa miaka mingi hakuna aliyekifikiria kwa watoto wenye hemanjioma. Walipewa steroidi kwa miezi. Kisha mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, wakaandika kwamba mtoto waliyempa propranololi kwa sababu ya moyo, hemanjioma yake ya uso ilianza kubadilika rangi na kulainika mara moja. Wakajaribu kwa wengine, ikawa vivyo hivyo. Leo ndiyo dawa ya mwanzo ya hemanjioma zinazohitaji matibabu, za ngozi na za ini. Ni dawa ya bei ndogo. Asije mtu akainunua dukani akampa mtoto mwenyewe, kwa sababu hupunguza mapigo ya moyo na sukari ya mtoto yaweza kuporomoka akilala na njaa. Huanzwa chini ya macho ya daktari. Lakini fikiria umbali uliopo kati ya kidonge hicho na tiketi ya ndege ya watu wawili kwenda Chennai. Umbali huo wote ni suala la kujua uvimbe ni wa aina gani.

Nisieleweke kwamba nawapoza watu. Hepatoblastoma ipo, huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu, na ikigunduliwa mapema, katika nchi zenye uwezo, watoto wanaopona ni kiasi cha wanane katika kila kumi, kwa dawa za saratani na upasuaji. Mtoto huyo akipotezewa miezi mitatu kwa bandama, au kwa kuambiwa "rudi mwezi ujao" bila jina la ugonjwa, nafasi yake huyeyuka. Na kanda yetu hii ilishawahi kuufundisha ulimwengu juu ya kuupa uvimbe wa mtoto jina lake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alianza mwaka 1957 kuona kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumboni, uliokuwa ukiandikwa kwa majina mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari maili 10,000, hospitali baada ya hospitali, akiuliza wapi umeonekana na wapi haujaonekana. Ugonjwa ulipopata jina ndipo ikajulikana kwamba unasikia dawa haraka mno, na watoto waliokuwa wakikatwa taya bure wakaanza kupona. Saratani hiyo ya Burkitt bado iko nasi, na nayo huweza kuanzia tumboni.

Turudi Mombasa. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na Coast General, ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara, ndiyo hospitali ya rufaa ya pwani yote. Mama wa Faza hupanda mashua hadi Mokowe kisha basi mpaka Mombasa. Wa Kwale huvuka feri. Mpango wa vifaa wa serikali kuu ulioanza mwaka 2015 ulipeleka mashine za picha kwenye hospitali 98 nchini, kwa kandarasi ambazo Seneti ilikuja kuzichunguza kwa hasira. Mashine zikaja. Mwenye kuisoma picha ya ini la mtoto wa miezi minne hakuja ndani ya kasha. Wataalamu wa radiolojia ya watoto, wa patholojia ya watoto na wa upasuaji wa watoto ni wachache Kenya nzima, na wengi wako Nairobi. Kwa hivyo mtoto huandikiwa barua ya rufaa ya Kenyatta, mama anatafuta nauli ya treni ya 1,500, anatafuta jamaa wa Eastleigh wa kumlaza, na mara nyingine akifika huko picha hurudiwa, kwa sababu aliyokwenda nayo ni karatasi ya ripoti tu bila picha zenyewe.

Hili la mwisho halina udhuru. Picha za siku hizi ni faili. Zaweza kufika Nairobi kabla mama hajavuka daraja la Makupa. Hospitali zenye mpango huwa na kikao cha kila wiki ambapo daktari wa watoto, msoma picha, mpasuaji na mtu wa maabara hukaa pamoja, hata kwa video, wakajadili watoto watano au sita na kutoa neno moja lililoandikwa. Coast General ina kituo cha saratani. Kikao kama hicho kwa watoto wa pwani nzima kingewapunguzia wengine safari, na wale wa saratani wangefika Nairobi wakiwa wanajulikana wanakwenda kufanyiwa nini.

Halafu bima. NHIF iliondoka Oktoba 1, 2024 ikaja SHA, asilimia 2.75 ya mapato na isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mchuuzi wa Marikiti asiye na mshahara alitakiwa alipe ya mwaka kwa pamoja, jambo lililowafanya wengi wajiandikishe na wasilipe. Kuna fungu la saratani, na limesemwa sana kwenye mikutano. Mimi swali langu ni la kabla ya hapo. Bima hulipa ugonjwa wenye jina. Mtoto ambaye bado yuko kwenye vipimo, leo altrasaundi, kesho AFP, kesho kutwa MRI ambayo lazima alazwe usingizi na daktari wa nusukaputi awepo, yuko chini ya fungu lipi? Na akikutwa na hemanjioma, ambayo si saratani lakini yahitaji kufuatiliwa kwa mwaka mzima, nani analipa? SHA itoe jibu kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, ibandikwe kliniki za Mvita, Kisauni na Lamu.

Kwenye kliniki zetu za watoto mzani haukosi. Mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, kitabu hugongwa muhuri, foleni husonga. Kuushika mkono tumboni huchukua nusu dakika, na kuhesabu alama za ngozi nusu dakika nyengine. Najua wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Mama aliyemuogesha mtoto asubuhi anaweza kuifanya nusu ya kazi hiyo, akaingia na kusema: "Dada, nimeona alama sita, na hapa kulia pagumu." Akisema hivyo asiambiwe ni gesi.

Kamati za michango nazo, za misikiti na za mitaa, zina haki ya kuuliza. Pesa za watu ni amana. Kabla ya kutangaza India, ombeni ripoti iliyotiwa sahihi na daktari wa watoto, yenye jina la uvimbe au yenye maelezo ya kipimo kinachosubiriwa. Ikiwa jina halijapatikana, basi mchango wa mwanzo uwe wa vipimo, na huo utajaa kwa siku moja. Baadhi ya watoto, baada ya hapo, hawatahitaji mchango wa pili. Wale watakaohitaji watapata pesa zikiwa bado ziko mifukoni mwa watu.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Kwenye vikao hivyo hatuchoki kuuliza taa za barabarani na mitaro ya maji. Atakayepewa kipaza sauti mara hii aongeze moja: picha ya ini la mtoto iliyopigwa Coast General siku ya Jumatatu husomwa na nani, na mama yake hupewa jibu siku gani?